Kitabu Si cha Mtu Asiye na Kazi

Ukitoa kitabu kwenye foleni ya feri pale Likoni, haichukui muda kabla mtu aliye karibu nawe hajakuuliza: "Unasomea nini?" Anataka kujua ni mtihani gani uko mbele yako, chuo gani, cheti gani. Ukimjibu kwamba husomei chochote, unasoma tu, na kwamba watoto wako nyumbani wanakungoja, uso wake hubadilika. Atakwambia kwa upole, "Ah, wewe una nafasi." Ndani ya maneno hayo machache mna imani nzima, na ndiyo ninayotaka kubishana nayo, kwa sababu naiona imekubaliwa na watu wema: walimu, wauguzi, mabibi zetu, hata wazazi ambao zamani waliazimana riwaya mpaka jalada likang'oka.

Imani yenyewe ni kwamba kitabu ni cha mwanafunzi, au cha mtu asiye na majukumu. Mtu mzima mwenye watoto, kodi ya nyumba na mwajiri wa kumwogopa akionekana na riwaya mkononi, basi ipo kazi mahali fulani ameikwepa. Akionekana anaandika, na hakuna anayemlipa, ndiyo kabisa. Wapole huiweka kwa lugha laini zaidi: ngoja watoto wakue kwanza. Kitinda mimba akiingia sekondari, utarudi kwenye vitabu vyako. Na kwa kuwa kila mmoja wetu kweli amechoka, tunaliitikia neno hilo bila kulipima.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mlaleo, na kazi yangu ya ukarani iko Changamwe. Uchovu siujui kwa kusimuliwa. Namjua mama wa Bakarani anayeamka saa kumi usiku kukanda unga wa mahamri ili saa kumi na mbili awe barabarani na beseni lake. Namjua baba wa Chaani anayelala mchana kwa sababu zamu yake ya bandarini ilikuwa ya usiku, watoto wakinyamazishwa nje ya dirisha. Nawajua wasichana wa viwanda vya nguo wanaorudi jioni na ganzi vidoleni. Sitamwambia hata mmoja wao kwamba ni mvivu. Ninachokataa ni hilo linalotajwa baada ya hapo, kwamba kwa kuwa wamechoka, basi kitabu si chao.

Dai hilo, kwanza, linapingana na historia yetu wenyewe. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mjane, mgonjwa, na mama mwenye binti wa kumwachia wasia. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa keshafariki. Utendi wenyewe unaanza kwa kumwita binti alete wino na karatasi. Tunaweza kubishana, na mimi hubishana sana, juu ya yale aliyomuusia kuhusu mke na mumewe. Lakini hakuna awezaye kusema aliandika kwa sababu ulezi haukumshughulisha. Ulezi ndio uliomshikisha kalamu. Angengoja apone kwanza, au binti ajitegemee kwanza, tusingekuwa leo na beti hizo zaidi ya 100 ambazo wanawake wa pwani wamezinakili na kuzikariri kizazi baada ya kizazi.

Watoto wetu humsoma Shaaban Robert shuleni wakidhani alikuwa mtu wa kuketi na kalamu mchana kutwa. Alikuwa karani. Aliingia Idara ya Forodha ya Tanganyika mwaka 1926 akaitumikia hadi 1944, kisha akapita katika idara nyingine za serikali, ya wanyama, ofisi ya wilaya, upimaji wa ardhi, karibu mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 1962. Mashairi, riwaya na insha zake ziliandikwa na mtu aliyekuwa na mkubwa wa kazi, mshahara mdogo na barua za uhamisho. Mkewe Amina alipofariki na kumwachia watoto, aliwaandikia: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana. Baba mjane, mwenye kazi ya kuajiriwa, alikaa akawaandikia watoto wake kitu ambacho sisi wengine tunakisoma hadi leo. Na nusu ya watu ninaopanda nao matatu asubuhi kuelekea Changamwe wanaishi kwa kazi ya namna ile ile: hati za mizigo, mihuri, orodha za kontena, simu ya mkubwa anayeuliza gari limetoka au halijatoka. Haiwezekani tumwite yeye fahari ya lugha yetu halafu tumwambie karani wa leo kwamba kazi yake na kalamu haviendi pamoja.

Wala si lazima tufike Tanga kwa Shaaban Robert. Kila anayeshuka matatu Kengeleni ameshuka kwenye jina la kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Hapo, katika ardhi ya Kisauni, ndipo alipotokea James Mbotela, mtoto wa mmoja wa waliokombolewa. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitoka mwaka 1934. Kina lawama zake, na nyingi ni za haki: kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na kinawagawa watu wa pwani kuwa wema na wabaya kwa namna iliyowafaa wakoloni. Hata hivyo mna ndani yake safari, majina na machungu ya kizazi cha wazazi wake, ambayo bila kalamu ya mwana yangezikwa pamoja nao. Nikipita pale jioni, gari limesimama kwenye msongamano, huwaza juu ya familia nyingine za Freretown. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyetekwa, aliyesafirishwa, aliyefunguliwa minyororo. Kila nyumba ilikuwa na kitabu. Viko wapi? Walikuwa na shamba la kulima, watoto wa kulisha, kanisa la kuhudumia. Walikuwa na kazi nyingi, kama sisi, na inawezekana walikuwapo wa kuwaambia kwamba kuandika ni kwa wenye nafasi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ng'ambo ya pili ya daraja la Nyali, alikuwa mwalimu na kadhi, na kuanzia 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Ndiye huyo huyo aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiandika makala kwa Kiswahili kuwazindua watu wa mji wake. Mwanawe Ali, aliyekuja kujulikana duniani kote kwa vitabu vyake, alizaliwa mwaka 1933. Nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mchanga na makala za kuandika kwa pamoja.

Nasikia jibu linalokuja: hao ni watu wa vipaji, usitulinganishe nao. Jibu hili lina unyenyekevu wa uongo. Anayelisema ajaribu kufungua ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo, gazeti ambalo watu wa pwani wamelumbana ndani yake kwa miongo. Walioandika humo, na kabla yao wale wa Mambo Leo upande wa Tanganyika tangu 1923, wengi wao walikuwa walimu, makarani, askari, wakulima na wachuuzi, na walijitambulisha kwa lakabu na miji yao. Hawakuwa na mikataba na wachapishaji. Walikuwa na stempu, na jambo la kusema. Mtu alisoma shairi la mwenziwe mchana, likamkera, akatunga jibu usiku kwa mizani kamili watoto wakiwa wamelala. Mila ya malumbano ya Kiswahili imesimama juu ya mabega ya wazazi wenye kazi. Tukiifanya kuwa mali ya wateule tunawadhulumu waliotutangulia na kujidhulumu sisi.

Wengine husema tatizo si kipaji, tatizo ni utulivu: mwandishi anahitaji chumba, mlango, meza, na nyumba isiyo na mtoto anayelia. Chumba ni kitu kizuri, sitakitukana. Lakini Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na chumba na mlango uliofungwa kweli kweli: alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi?, akawekwa peke yake. Utulivu aliupata zaidi ya alivyotaka. Alichokosa ni karatasi, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika juu ya karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Na kwa upande wa pili, Buchi Emecheta, mama wa Kinaijeria aliyelea watoto watano peke yake mjini London huku akifanya kazi na kusoma chuo kikuu, hakuwa na utulivu hata kidogo. Riwaya yake Second-Class Citizen ya 1974 aliwatabarukia watoto hao, akisema kwamba bila kelele zao kitabu kisingeandikwa. Mmoja alikuwa na kimya, mwingine alikuwa na kelele, na wote wawili waliandika. Basi si kimya kinachoandika kitabu.

Sasa tuje kwenye wakati wenyewe, maana hapo ndipo watu husimama na kusema: hayo ya zamani sawa, sisi saa zetu zimeisha. Mimi nawaomba tuzitazame hizo saa zilivyo hapa bara ya Mombasa. Feri za Likoni hutajwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Mkondo wenyewe una upana wa kama mita 500. Kuvuka ni dakika chache, kungoja ndiko kunakokula siku. Madereva wa matrela hungoja milangoni pa bandari na kwenye yadi za Changamwe na Miritini. Kina mama wa Kisauni hungoja maji, mitungi imepangwa kwa mstari, mfereji ukitoa hewa. Tunangoja zahanati, tunangoja ofisi ya chifu, tunangoja matatu ijae. Mtu wa bara ya Mombasa ana muda mwingi. Tabu ni kwamba umekatwakatwa vipande vidogo, na kila kipande ameshikiwa na mtu mwingine. Ndiyo maana ushauri wa kutenga saa mbili kila siku haumsaidii. Kinachomsaidia ni kitabu kinachoingia mkobani, kurasa chache, na kuacha kuona haya.

Haya ndiyo kikwazo kikubwa kuliko saa. Shika Adabu, huko Likoni, yupo mama muuza mahamri na mbaazi ninayemfahamu. Ana kaunta buku ya madeni, ile yenye jalada gumu. Upande wa mbele ni majina ya utani ya vibarua na walivyokula: mahamri 4, mbaazi 1, kalipa, hajalipa. Ukiigeuza juu chini na kuanzia nyuma, kuna mwandiko ule ule, kalamu ile ile, lakini hakuna hesabu. Anaandika aliyosimuliwa na bibi yake kuhusu Mtongwe: mwembe upi ulikuwa wa nani, kisima kipi kilichimbwa na ukoo gani, nani amezikwa wapi. Huandika mistari miwili mitatu wateja wanapopungua, saa nne hivi, karatasi imejaa madoa ya mafuta. Mtu akikaribia huigeuza haraka ikaonekana ya madeni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Shoga, watasema sina kazi." Anaamka kabla ya adhana, analisha mtaa mzima, amesomesha watoto kwa beseni moja, na bado anaogopa kuambiwa hana kazi.

Na anachoandika kina uzito kuliko anavyodhani. Likoni ni mahali ambapo watu wamekaa vizazi juu ya ardhi bila hati, ambapo serikali ililazimika kumalizana na mwenye shamba la Waitiki kabla ya wakazi kupewa hati mwaka 2016, na hata baada ya hapo ukazuka mzozo juu ya malipo. Katika pwani ambayo haki ya mtu kwenye ardhi imekuwa ikitetewa kwa miembe, minazi, visima na makaburi, mzazi anayeandika mwembe upi ulikuwa wa nani anawawekea wanawe kitu ambacho mwanasheria hawezi kukibuni. Mzazi anayesoma karatasi neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, iwe ni ya kiwanja au mkataba wa binti anayekwenda Saudia kufanya kazi za ndani, anamkinga mtoto kuliko anayesema "mimi hayo ya kusoma niliachia shule."

Lakini sitaki kukitetea kitabu kwa faida hizo peke yake, maana nikifanya hivyo nitakuwa nimewapa wapinzani wangu nusu ya hoja: kwamba kusoma kunaruhusiwa ikiwa kuna cha kupata. Mama wa watoto wanne ana haki ya kusoma hadithi ya mapenzi kwa sababu ni tamu. Baba ana haki ya kusoma historia ya Wareno na ngome yao kwa sababu anapita karibu na ngome hiyo na anataka kujua. Hatumuulizi mtu anayetazama mpira mwisho wa juma anautazamia mtihani gani. Furaha ya mtu mzima haihitaji cheti, na mtu hakomi kuwa na akili yenye njaa siku anapojifungua mtoto.

Hapa wanajitokeza wale wanaojiona wako upande wangu, wahamasishaji. Wao husema wakati upo, ni nidhamu tu. Amka saa kumi usiku. Lala kidogo. Waliofanikiwa wote huamka mapema. Nasema kwa uchungu kwamba hawa wanatuumiza kuliko wale wanaotukatalia kitabu waziwazi. Yule mama wa Bakarani saa kumi usiku tayari yuko macho, mikono imo ndani ya unga. Wanataka aamke saa ngapi? Mwili ulionyimwa usingizi hausomi. Macho yanapita juu ya maneno na kesho mkono unateleza kwenye mashine. Kumwambia mtu aibe saa kutoka usingizini mwake ni kumtoza mwenye kidogo, huku mwenye kingi ameketi pembeni hajaguswa.

Na mwenye kingi yupo. Baada ya magharibi tembea Mwandoni, Mtopanga, Timbwani, Port Reitz. Tazama nani yuko barazani na kahawa, bao, dhumna, siasa za kaunti, na nani yuko ndani anapika, anaogesha, anakagua kazi za shule, anafua sare za kesho. Silichukii baraza, elimu nyingi ya mji huu ilipita barazani. Ila baba anayekaa hapo mpaka saa nne usiku kisha akasema nyumba yake haina wakati wa vitabu, huyo anao wakati, ameupeleka anakotaka. Mama akisema hana wakati, mara nyingi anasema kweli, kwa sababu wake umetumika kumwezesha mwingine kuwa na wa kwake. Huu ndio moyo wa jambo, na ndio ambao watu hawapendi kuusikia. Wakati wa kusoma wa mzazi hauokotwi. Hugawanywa na watu wanaoishi chini ya paa moja, na kama ugawaji si wa haki, hakuna nidhamu itakayouleta. Emecheta niliyemtaja aliandika hadithi yake ya kwanza akiwa bado na mumewe. Mume akauchoma moto muswada. Wengi wetu miswada yetu haichomwi. Huombwa tu chai, chumvi, soksi, mpaka inakufa.

Nyumbani kwetu tulibishana juu ya hili kwa muda mrefu kabla ya kufika mahali. Sasa kuna jioni ambazo mume wangu ndiye anayeshika jiko, vyombo na madaftari ya watoto kuanzia isha, na kuna jioni zangu. Jioni yangu nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, taa ya ukutani ikinimulika. Mtoto akija na swali, namwambia, "Muulize babako." Mwanzo walishangaa. Mdogo alikuwa akisimama katikati ya chumba hajui aelekee wapi. Mama mkwe alipotutembelea hakufurahi, aliona mwanawe amedhalilishwa, na mume wangu akamwambia, huku mikono ina povu, "Mama, hata mimi nina zamu zangu, na huyu ana zake." Sijawahi kumpenda kama siku ile. Siku zake yeye huenda barazani, na ninamtakia heri, kwa sababu nimepata zangu.

Watoto wameona, na hilo linanipeleka shuleni. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchi nzima mwaka 2019, mzazi amepewa kazi nyingi: msikilize mtoto akisoma, tia sahihi kwamba amesoma, tafuta picha, kata, gandisha. Tunatia sahihi. Lakini mtoto ana macho. Akiona nyumba nzima yeye pekee ndiye anayelazimishwa kushika kitabu, na kila aliyevuka utoto amekitua, atafikia uamuzi wenye mantiki kabisa: kusoma ni adhabu ya watoto, na kukua ni kuachiliwa. Kisha tunashangaa kijana anachoma madaftari yake baada ya mtihani wa mwisho. Amefuata tulivyomfundisha. Walimu wanaolalamika katika mikutano ya wazazi kwamba watoto hawapendi kusoma wangeuliza swali moja zaidi: mzazi, wewe unasoma nini sasa hivi? Sijausikia mkutano ulioliuliza.

Serikali nayo imeikubali imani ile ile bila kuitamka. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu, kana kwamba ni bidhaa ya starehe. Maktaba kubwa ya taifa mjini kwetu iko kisiwani, Barabara ya Msanifu Kombo. Mzazi wa Likoni avuke feri, wa Kisauni avuke daraja, wa Changamwe apite Makupa, na afike kabla haijafungwa, ilhali anatoka kazini jioni. Yeyote aliyepanga hivyo hakumfikiria mfanyakazi mwenye watoto. Alimfikiria mwanafunzi na mtu aliyestaafu. Pesa hupatikana kwa viwanja, kwa mapambo ya barabara, kwa sherehe. Chumba kimoja chenye rafu, taa na mlinzi karibu na kivuko cha Likoni, kikiwa wazi alfajiri na usiku, kingehudumia watu wengi kuliko jengo lolote la kaunti, kwa maana watu wako pale pale, wamesimama, wanangoja. Halmashauri za misikiti na makanisa zina vyumba vinavyokaa vitupu jioni nyingi za wiki. Ofisi za vyama vya wafanyakazi Changamwe pia. Hili halihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Wapo watakaosema haya ni ya mwanamke aliyesoma, mwenye mume msikivu na mshahara wa mwezi. Ni kweli nina hivyo, na ndiyo sababu silaumu mtu asiye navyo. Ila yule mama wa Shika Adabu hana hata kimoja kati ya hivyo, na anaandika. Anachohitaji si mimi nimfundishe nidhamu, anayo ya kutosha mtaa mzima. Anahitaji watu wa karibu naye waache kuihesabu kalamu yake kuwa uvivu.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekeza wao, watu wa karibu. Baba, ukimkuta mama watoto na kitabu, usimwite. Chumvi iko kwenye kopo. Wewe mkubwa wa kazi, karani wako akisoma saa ya chakula, saa hiyo ni yake. Mama mkwe, mwanao akiosha vyombo hajapungukiwa na kitu. Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, leta hoja ya chumba cha kusomea kivukoni Likoni kwenye bunge la kaunti, na sisi wa Kisauni na Changamwe tutaiunga mkono kabla ya kudai cha kwetu. Nawe mzazi uliyeweka kitabu juu ya kabati mpaka watoto wakue, kishushe leo.